Kazini Mlima Kenya: Aumwaye Kichwa na Aseme

Wakulima wa Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru huuona Mlima Kenya kila asubuhi watokapo nje ya nyumba zao. Kwa kuwa wameuzoea tangu utotoni, wengi wao hudhani ya kuwa ugonjwa wa mlimani ni ugonjwa wa wageni watokao pwani na ng'ambo, wala hauwezi kumpata mwenyeji mwenye kifua kipana na miguu iliyozoea kupanda na kuteremka. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo mpaka nilipotumwa huko kwa kazi ya uandishi, na nikarudi nimeyaacha.

Huenda msomaji akauliza, kuna kazi gani huko juu kwenye mawe na barafu? Iko nyingi. Upande wa kaskazini-magharibi, mahali penye urefu wa mita 3,678 juu ya bahari, kilifunguliwa mwaka 1999 kituo cha Idara ya Hali ya Hewa cha kupimia hewa, ili ijulikane ni moshi na gesi gani zinazoletwa na pepo kutoka mbali. Juu zaidi ni barafu ya Lewis. Barafu hiyo imepimwa na wataalamu wengi; kuanzia miaka ya 1970 Profesa Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliifuatilia kwa muda mrefu kuliko wengi. Vipimo hivyo vyaonyesha kuwa kati ya mwaka 1934 na 2010 barafu ya Lewis ilipoteza zaidi ya robo tatu ya eneo lake. Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa kwa kuketi ofisini. Mtu hana budi kupanda, kulala huko, na kusimama kwenye baridi akisoma namba. Na pamoja na kila mtaalamu huenda wapagazi, wapishi na waongozaji, ambao majina yao hayaandikwi katika vitabu.

Sasa tutazame hewa yenyewe. Watu husema kwamba huko juu oksijeni imepungua, na wasikiao hufikiri kwamba hewa imechanganywa kwa kipimo kingine. Sivyo. Katika sehemu 100 za hewa, oksijeni ni karibu sehemu 21, iwe Mombasa au kileleni. Ila hewa ya chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake, na hewa ya mlimani haikubanwa hivyo. Kwa hiyo pumzi moja ya huko huingiza hewa kidogo. Penye kilele cha Lenana, mita 4,985, mtu avutapo pumzi hupata zaidi kidogo tu ya nusu ya kile apatacho mtu wa pwani. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini wataka siku, wala hauharakishwi kwa nguvu za misuli.

Hapo ndipo Mlima Kenya ulipo na hila yake. Milima mingi mirefu ya dunia iko mbali, na mtu huifikia kwa kutembea siku nyingi, hivyo mwili wake huzoea bila yeye kujua. Mlima wetu una barabara. Mtu aweza kunywa chai ya asubuhi Nanyuki, kwenye mita 1,950 hivi, akapanda gari, na kabla ya jua kuchwa akawa amepita mita 3,000. Kesho yake akilala kwenye mita 4,200, hesabu yake si njema. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni kwamba, ukisha kuvuka mita 3,000, kitanda cha usiku kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na baada ya kila siku tatu au nne iwepo siku moja ya kutopanda.

Sisi hatukuifuata. Tulikuwa watu tisa: wapimaji watatu, msimamizi, wapagazi wanne na mimi mwenye daftari. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300, na usiku wa pili kambi ya Shipton, mita 4,200, kwa sababu ruhusa ilikuwa ya siku chache na fedha zilikuwa za kuhesabu. Nilikuwa na kazi ya kuandika kila jioni hali ya vyombo na hali ya watu. Jioni ile kichwa changu kiligonga kama ngoma, na chakula kilinitia kichefuchefu. Hata hivyo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Wote ni wazima." Niliona haya kuwa karani ndiye wa kwanza kulalamika.

Asubuhi nilimwona mpagazi mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mkulima wa viazi kutoka miteremko ya mlima huo huo, akifunga mzigo wake. Alifunga kamba, ikafunguka. Akafunga tena, ikafunguka. Alipoinuka aliyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Wengine walicheka. Mpagazi mzee aliyekuwa nasi hakucheka. Alichora mstari mchangani kwa fimbo, akamwambia, "Mwanangu, upite juu ya huu mstari, kisigino mbele ya kidole, kama watoto wanavyocheza." Kijana alipiga hatua mbili, ya tatu akaanguka ubavu.

Mzee akanigeukia. "Karani, huyu ashuke sasa hivi. Si baada ya chai."

Kilichokuwa kikimpata kijana yule ni uvimbe wa ubongo uletwao na hewa nyepesi. Ugonjwa wa mlimani una ngazi zake. Ya kwanza ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Hayo aghalabu huisha kwa siku moja au mbili mtu akitulia pale pale asipande. Ya pili ni ubongo kuvimba, nayo hujulikana kwa kuyumba na kusema maneno yasiyo na mpango. Ipo na namna nyingine, ya mapafu kujaa maji: mtu hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, na mwisho hutoa povu lenye wekundu wa damu. Hizi mbili huua, tena pengine kwa saa chache, na ya mapafu yaweza kuja hata bila kichwa kuuma. Dawa zipo. Asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, nayo huandikwa na daktari kabla ya safari. Upo pia mfuko mkubwa usiopitisha hewa, ambao mgonjwa hulazwa ndani yake na hewa ikasukumwa kwa pampu hadi awe kana kwamba ameshushwa chini. Lakini hayo yote ni ya kununulia muda. Tiba ni kushuka, mchana au usiku.

Tulimshusha, mzee na mimi na mpagazi mwingine, tukimshika mikono huku na huku. Njiani nilimwuliza tangu lini anaumwa. Akasema tangu Old Moses. Mbona hakusema? Akajibu kwa shida kwamba alilipwa kwa siku, na aliambiwa na wenziwe kuwa ashukaye hupoteza ujira wa siku zilizobaki. Naye alikuwa ameahidi karo ya dada yake. Basi kijana alificha kwa ajili ya fedha, nami nilificha kwa ajili ya haya. Sijui ni lipi baya zaidi, ila najua ni lipi lililokuwa na udhuru.

Yapo mambo mengine ya hatari ambayo mkulima au karani aendaye huko hupaswa kuyajua. Katika shule ya misheni tulifundishwa kuwa maji huchemka kwa digrii 100, mwalimu hakuongeza neno "pwani." Kambini Shipton huchemka kwa digrii 86 hivi, na maharagwe yakipikwa mchana kutwa hubaki magumu kama kokoto. Wenye busara huchukua wali, unga wa uji na viazi, au sufuria yenye kifuniko cha kukaza mvuke. Usiku baridi hugandisha maji ndani ya chupa, na hapo huja kishawishi kibaya kupita vyote, nacho ni kuingiza jiko la makaa hemani na kufunga mlango. Moshi wa makaa yaliyokwisha kushika haunuki wala hauonekani, na mtu hulala asiamke. Nguo kavu ya kubadilisha ina faida kuliko jiko. Pombe vilevile haifai. Humpa mtu joto la uongo na kumpunguzia pumzi usingizini. Mchana jua huunguza kuliko la Garissa, ijapokuwa mwili waona baridi, na mwangaza urudishwao na theluji huweza kuyapofusha macho kwa siku moja au mbili. Miwani ya jua kule si ya mapambo.

Wala mtu asijitumainishe na ndege. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian jiwe lilipomponyoka Judmaier, akaanguka na kuvunjika mguu. Wapandaji wa Kenya walipanda kumsaidia, na wengine wakaja kutoka Innsbruck, na bado ilichukua zaidi ya juma moja kumfikisha chini akiwa hai. Helikopta iliyotumwa ilianguka, na rubani wake akafa. Siku hizi mawasiliano ni bora na helikopta zina nguvu zaidi, lakini mawingu hayajabadili desturi yake ya kuufunika mlima kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo yanayofaa ni yale yafanywayo kabla ya hatari. Wenye kutuma watu wapange siku za kuzoea katika hesabu ya fedha tangu mwanzo, kama wapangavyo petroli. Asiwepo mtu aendaye peke yake kusoma kipimo, hata kama ni umbali wa kutupa jiwe. Na jambo ambalo napenda wakubwa wa kazi walisome mara mbili: anayeshuka kwa ugonjwa alipwe siku zake zote, tena aambiwe hivyo mbele ya wenzake kabla ya kupanda. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kubeba machela.

Kikosi chetu kilipanda tena mwaka uliofuata. Msimamizi alitangaza habari ya ujira langoni, kabla mizigo haijafungwa. Daftari nalo nililibadilisha: badala ya mstari mmoja wa hali ya watu nilipiga safu, jina la kila mtu na maswali manne, asubuhi na jioni, la kichwa, la chakula, la usingizi na la kutembea juu ya mstari. Jioni ya kwanza watatu kati yetu walijibu kuwa wanaumwa kichwa, na mmoja wao alikuwa mimi. Tulikaa pale siku mbili.

Na yule kijana? Tulipofika karibu na Old Moses siku ile, saa kumi jioni, aliuacha mkono wangu na kutembea mwenyewe. Akauliza mzigo wake uko wapi, na kama ugali umebaki.