Kitoweo Kilichofuata Mwezi

Anayetaka kujua zamani watu wa Likoni, Mtongwe au Kisauni walikula nini jioni, asianzie jikoni. Aanzie mwezini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa bamvua: pwani ya Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa hiyo wanawake walishuka mwambani na vikapu, wakimchokoa pweza pangoni kwa kijiti. Juma moja baadaye yakaingia maji mafu, mwamba ukabaki umefunikwa, na nyumba ikarudi kwa ng'onda, kunde au mchunga, mboga chungu ambayo mgeni huidhania adhabu.

Wanga haukungoja bahari. Muhogo, ulioletwa na Wareno kutoka Brazil, ulikaa ardhini hadi siku ya kuhitajika. Shamba ndilo lilikuwa ghala. Ule mchungu una sumu ya sayanidi, ndiyo maana ulimenywa, ukakatwa na kuanikwa ukawa makopa. Mtamu, kama kibandameno, ulichemshwa tu. Lakini muhogo una protini kidogo mno, kama gramu 1 katika kila gramu 100. Kwa hiyo kile kipande cha pweza hakikuwa cha anasa.

Na hapo ndipo nazi ilipoingia. Ilikunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwenye kifumbu. Tui la kwanza, zito, liliwekwa kando. La pili, jepesi, ndilo lililoivisha muhogo. Lile zito likatiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, upawa ukizunguka taratibu. Tui ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa na protini ndani ya maji. Likitokota kwa nguvu, protini huganda na kuyaachia mafuta yakajitenga: tui limekatika. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Mwali aliyekata tui alisikia habari yake mtaa wa pili.

Chakula kilipakuliwa kwenye chano kimoja, kitoweo katikati. Kila mtu alikula upande wake, tonge kubwa, kitoweo kiduchu. Mtoto aliyeanza kwa kunyoosha mkono katikati hakuambiwa neno. Aliangaliwa tu, naye akaurudisha mkono.