Ua la Msitu wa Ukungu katika Hewa Kavu

Katika misitu ya milima ya Usambara na Uluguru huota mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupata Usambara akaupeleka kwao. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akauita Saintpaulia. Leo umejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, bali misituni umekuwa haba. Basi usiung'oe mwituni. Jani moja la mmea uliopandwa nyumbani latosha.

Lakini mtu wa Kilosa au Mikumi ana shida yake. Kule mlimani pana kivuli, na hewa ni nyevu karibu siku zote. Huku kwetu, toka Juni hata Oktoba, mvua ni chache mno, na upepo wa mchana hukausha nguo kabla mfuaji hajamaliza kufua.

Jani lina matundu madogo sana, na kwa hayo maji hutoka yakiwa mvuke. Katika hewa nyevu hutoka machache. Kwa hiyo jani lililokulia humo huwa na ngozi nyembamba, na matundu yake hayakuzoea kujifunga. Ukilitoa ghafula, hupoteza maji kuliko mizizi iwezavyo kuleta, likanyauka ijapokuwa udongo umelowa. Wengi hapo huzidisha kumwagilia, mizizi ikaoza.

Jani pevu halibadiliki sana. Majani mapya ndiyo yatakayoota na ngozi nene. Kazi yote, basi, ni kuyangoja. Chomeka kikonyo cha jani katika udongo mwepesi, ufunike kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ukaweke barazani pasipo jua kali. Miche ikiisha kutokea, inua ukingo wa chupa kwa kijiti chembamba. Baada ya siku nne au tano weka kinene zaidi. Kisha ondoa chupa usiku, maana hewa ya usiku ni nyevu kuliko ya mchana, uirudishe asubuhi. Miche ikilegea, rudi nyuma hatua moja. Jani kuukuu likikauka ukingoni, usihuzunike. Tazama lile changa la katikati.

Mmea wa vikombe wa Madagaska na Shelisheli, unaonasa wadudu, huonyesha kiu yake kwa njia nyingine. Hewa ikikauka, majani huweza kuendelea kuota, bali vikombe havifanyiki. Kwa hiyo mwenye kuulea hutazama kwanza ncha ya jani, mahali kikombe kinapoanzia.