Petroli au Dizeli: Ufafanuzi kuhusu Injini za Mabasi ya Shule Mbeya na Iringa

Mabasi mengi yanayobeba wanafunzi katika mikoa ya Mbeya na Iringa yaliingizwa nchini yakiwa yametumika, yakiwemo Toyota Hiace na Toyota Coaster. Baadhi yana injini za petroli, mengine za dizeli, na wamiliki wa shule pamoja na wazazi wanaolipia usafiri huo huuliza ipi ni nafuu. Katika Nyanda za Juu Kusini, jibu halipatikani kwa kuangalia bei ya lita pekee. Milima, baridi na usalama wa watoto mteremkoni navyo ni sehemu ya hesabu.

Tofauti ya msingi

Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hubana hewa hadi ibaki takriban sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, hewa hiyo ikapata joto kali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta yakawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa lita ya dizeli ina nishati zaidi, gari la dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja na huvuta mzigo vizuri injini ikizunguka polepole. Hivyo, bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi zinapaswa kulinganishwa kwa gharama ya kila kilomita, pamoja na gharama ya matengenezo. Pampu na nozeli za dizeli ni ghali kutengeneza kuliko plagi za petroli.

Hewa nyepesi na moshi

Jiji la Mbeya lipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, iwe ya petroli au ya dizeli. Injini ya petroli yenye kabureta hupokea mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, ilhali ile inayoongozwa na kompyuta hujirekebisha. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika, kama 1HZ ya lita 4.2 iliyofungwa katika baadhi ya Coaster, hutoa moshi mweusi iwapo pampu haikurekebishwa. Kuongeza mafuta kwenye pampu ili gari lipande mlima huzidisha moshi huo.

Moshi si kero ya macho pekee. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo, wakati wa baridi ya Juni na Julai, dawa ya dizeli inayokataa kuwaka ni kutengeneza plagi zake za joto, si kuiacha ikinguruma karibu na madarasa.

Mteremko

Hatari kubwa zaidi ipo njiani kushuka: Kitonga, Iwambi, au mteremko wa kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo. Baadhi ya madereva huweka gia huru wakiamini wanaokoa mafuta. Imani hiyo si sahihi. Gari likishuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, pampu ya dizeli na mifumo ya petroli ya kompyuta hukata mafuta karibu yote. Likiwa kwenye gia huru, injini huendelea kutumia mafuta ili isizimike, na breki hubeba uzito wote hadi kupata joto na kupoteza nguvu. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwa kuwa msaada wa nguvu za breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Katika basi dogo la dizeli, msaada huo hutegemea pampu maalumu ya kufyonza hewa, ambayo ni lazima ikaguliwe.

Hatari ya moto

Petroli ina hatari yake. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi, tofauti na dizeli. Tarehe 14 Mei 1988, huko Carrollton, jimbo la Kentucky nchini Marekani, basi la zamani la shule lililotumia petroli liligongwa, tangi likapasuka na watu 27 wakafariki kwa moto. Basi la petroli lenye harufu ya mafuta halipaswi kupakia watoto.

Uamuzi

Kwa basi kubwa linalopanda milima likiwa limejaa, dizeli iliyotunzwa inafaa zaidi. Kwa Hiace ya safari fupi za mjini, petroli yenye mfumo wa kompyuta inatosha na hutoa masizi machache. Kabla ya shule kufunguliwa, mmiliki ahakikishe basi limekaguliwa na Kikosi cha Usalama Barabarani na lina leseni ya LATRA. Mzazi naye anaweza kuuliza mambo matatu: breki zilikaguliwa lini, moshi una rangi gani, na dereva hushuka mlima kwa gia ipi.