Sanaa iingie ofisi za Kilembe

Oktoba 2014 jengo la stesheni ya reli ya Kampala lilifunguliwa kwa watu ambao hawakuwa na safari yoyote. Treni za abiria zilikuwa zimesimama tangu miaka ya 1990, na zisingerudi hadi mwishoni mwa 2015, tena kwa safari fupi za asubuhi na jioni tu. Walioingia stesheni mwezi ule walikuja kutazama kazi za kundi la wasanii walioletwa pamoja na taasisi ya 32° East katika tamasha la KLA ART, ambalo mwaka huo lilihusu watu na pembe za mji zisizoonekana kwenye ramani. Nje, bodaboda zilizogeuzwa na wasanii kuwa sanamu za kutembea zilikatiza mitaani. Kwa msomaji wa Kasese, Mubuku au Bwera, jengo lile si la mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Reli iliyopita pale iliendelea magharibi zaidi ya kilomita 300 mpaka ikafika Kasese mwaka 1956, na haikujengwa kwa ajili yetu sisi abiria. Ilikuja kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe.

Ofisi si nyumba kama nyumba nyingine. Sokoni, kanisani au msikitini mtu huingia kwa haki yake. Ofisini huingia akiitwa, au hukaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Humo ndimo jina lake lilimoandikwa, akapewa namba, akakatwa mshahara, akaambiwa aje kesho. Kwa hiyo maonyesho ya sanaa yanapohamia kwenye ofisi ya zamani, swali la kwanza si kama kuta zina mwanga wa kutosha. Swali ni kama jengo lenyewe litahojiwa. Lisipohojiwa, wasanii wamepata ukumbi wa bei nafuu, basi. Likihojiwa, watu waliokuwa wakisubiri nje wanaingia mpaka chumba cha ndani na kuuliza ni nani aliyekaa kwenye kile kiti na aliamua nini. Kwa kipimo hicho, ofisi za mgodi wa Kilembe zinastahili maonyesho ya namna hii kuliko jengo jingine lolote ninalolijua magharibi mwa Uganda.

Nairobi inatupa mfano wa kuiga na wa kujihadhari nao kwa pamoja. Jengo la mawe la mwaka 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ndilo lililosajili vizazi, ndoa na vifo vya walowezi, na karibu nalo ndipo palipokuwa kituo sifuri cha kupimia umbali wa barabara. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na linahifadhi sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hiyo, aliyekusanya sanaa ya Afrika wakati wenzake wengi serikalini walikuwa wakikusanya mashamba. Mkusanyo ule ni hazina. Hata hivyo uzuri wake unaweza kumpitisha mgeni chumba hadi chumba bila kukumbuka kwamba utawala wa kikoloni ulipima watu humo kabla ya kupima barabara. Jengo limeokolewa, nalo limenyamaza.

Watu wa Lubumbashi, nchini Kongo, walikwenda mbali zaidi, na wao ni ndugu zetu wa karibu kuliko tunavyokiri: wanazungumza Kiswahili, na mji wao ulizaliwa na shaba. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo, alizipata picha za kumbukumbu za Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906 na kutaifishwa baada ya uhuru ikaja kuwa Gécamines. Ndani yake mna wafanyakazi waliopangwa mstari mbele ya kamera na mabosi wa Kizungu waliovaa kofia ngumu. Baloji aliwakata kutoka kwenye picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe, akawasimamisha juu ya picha zake mwenyewe za rangi, zinazoonyesha viwanda vilevile vikiwa magofu, mabati yameoza, mashimo yamejaa maji. Kazi hiyo, iliyokamilika mwaka 2006, haina maelezo marefu. Mtu aliyesimama pale miaka themanini iliyopita anakutazama kutoka mahali alipofanya kazi, na mahali penyewe pamebomoka. Miaka miwili baadaye Baloji na wenzake walianzisha maonyesho yanayorudi kila baada ya miaka michache na kuwaleta wasanii wa ndani na wa nje mjini mwao. Hawakungoja Kinshasa iwajengee jumba.

Sasa tazama tulicho nacho. Kilembe ilianza kuchimbwa kwa kiwango kikubwa mwaka 1956 chini ya kampuni ya Kanada, ikatoa zaidi ya tani 270,000 za shaba kabla ya kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mawe yalisagwa bondeni, shaba ikapanda treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Mabaki yenye kobalti, karibu tani milioni moja, yalirundikwa karibu na mji wa Kasese, mvua ikayachuja miaka nenda rudi mpaka ukatokea ukanda wa ardhi tupu, usioota hata nyasi, ukielekea hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia 1999 hadi 2013 kiwanda kingine kiliyatafuna mabaki hayo kwa kutumia bakteria, umeme ukitoka mto Mubuku. Ule mgodi wenyewe ulikuwa umeshajijengea mtambo wake wa umeme mtoni humo tangu miaka ya 1950, na wako wakazi wa bondeni waliotazama nyaya zikipita juu ya mapaa yao kwa miaka mingi bila kuwasha taa. Yote hayo yaliamuliwa na kuandikwa ofisini. Mlimani tunaona matokeo tu.

Kuna jambo jingine ambalo msanii yeyote angelishika haraka. Wilayani Kasese ipo karakana ya Rwenzori Founders, ambako vijana wamejifunza kusubu sanamu za shaba iliyochanganywa na bati. Sanamu huchongwa kwanza kwa nta, ikavikwa ganda linalostahimili moto, nta ikayeyushwa itoke, kisha shaba iliyoyeyuka, nyekundu kama kaa, ikamiminwa kwenye uwazi ulioachwa. Yaani ile kazi ya kuyeyusha, ambayo wakati wa mgodi ilisafirishwa mpaka Jinja kana kwamba sisi hatuwezi moto, leo inafanyika hapahapa, kwa mikono ya hapahapa. Ukiniuliza kitu cha kwanza cha kuwekwa kwenye ofisi ya meneja wa Kilembe, ni kipande cha shaba kilichosubiwa Kasese, mezani, mahali pa karatasi.

Pingamizi nzito kuliko zote inajulikana. Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake ukabeba nyumba, na Mei 2020 mafuriko yakaiharibu hospitali ya Kilembe. Mgonjwa anasafirishwa mbali, na wewe unaleta picha? Jibu langu si kwamba picha zitatibu mtu. Hazitatibu. Ila ubishi juu ya nani anayewajibika kwa mto ule, kwa mabaki yaliyorundikwa karibu na maji, na kwa nyumba zilizojengwa bondeni kwa ajili ya wafanyakazi, umekuwa ukifanyika kwenye warsha za hoteli na ripoti za wataalamu. Maonyesho ndani ya ofisi za mgodi, hatua chache kutoka mtoni, yanauhamishia ubishi huo mbele ya waliosombwa. Tena gharama yake haifikii hata kidogo ile ya kujenga hospitali, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ya kwanza ndiyo inayoizuia ya pili.

Wengine watasema tutaipamba kampuni ya mkoloni. Hatari hiyo ipo kweli, hasa kwa kuwa wazee wengi wa Kilembe wanaikumbuka enzi ya mgodi kwa hamu: maji ya bomba, shule, mpira wa Jumapili, mshahara uliofika kwa wakati. Sioni sababu ya kuwanyamazisha, wala ya kuigeuza hamu yao kuwa ukumbi wa kumbukumbu tamu. Mkusanyiko wa wasanii wengi unasaidia hapo kuliko kazi ya msanii mmoja, kwa sababu mmoja atachora mpira wa Jumapili, na chumba kinachofuata mwingine ataweka maji ya mto kwenye chupa.

Na majeraha ya Novemba 2016, wakati zaidi ya watu 100 walipouawa Kasese katika shambulio la jeshi kwenye jumba la Omusinga, mfalme wa Rwenzururu? Wapo wanaoona kwamba wilaya hii haiko tayari kukusanyika na kutazama lolote. Nadhani ofisi ya mgodi inafaa kwa sababu hiyohiyo. Si jumba la mfalme wala kambi ya jeshi. Mkonzo, Mtooro, Mnyankole, na mfanyabiashara aliyevuka Mpondwe kutoka Kasindi, wote wana babu au mjomba aliyepanga foleni mbele ya dirisha la mishahara la namna ile.

Kinachobaki ni wakati. Kilembe Mines ni kampuni ya umma, na serikali iliutafutia mgodi mwekezaji kwa miaka. Mwaka 2013 ulikabidhiwa Tibet Hima ya China, mkataba ukaja kuvunjwa. Kila anayeingia huanza na ofisi: rangi mpya, kufuli mpya, na makabati ya zamani kuondolewa. Wasanii wa Kasese na wenzao wa Kampala wakitaka kuomba vyumba hivyo, waombe kabla ya kazi hiyo ya rangi, na wakiviomba waombe pia makabati.