Amri ya Saba na Haki ya Mwandishi

Mwaka 1525 sehemu ya maandiko ya mahubiri ya Dokta Martin Luther iliibwa Wittenberg, ikachapishwa katika mji mwingine kabla toleo lake halijakamilika. Luther hakudai malipo kwa vitabu vyake. Lakini aliwaonya wapiga chapa hadharani, na mwezi Septemba akaliandikia Baraza la mji wa Nürnberg. Alilalamikia mambo mawili: mpiga chapa aliyegharimia kazi alipata hasara, na nakala za haraka zilijaa makosa.

Wakati ule kinga ya kisheria ilikuwa hati ya mtawala. Biblia ya Kijerumani ya 1534 ilitoka chini ya hati ya Mteule wa Saxony, Johann Friedrich. Hati za namna hiyo zilitishia faini na kunyang'anywa nakala, ila nguvu yake ilikoma mpakani.

Leo mapatano ya mataifa yameuvuka mpaka huo. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, huzilazimu nchi wanachama kulinda pia kazi za wageni. Nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imetuwekea njia mbili. Kwa njia ya madai, mwenye haki huiomba mahakama amri ya zuio na fidia. Kwa njia ya jinai, anayekiuka haki hiyo kwa kujua aweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Na afanyaye biashara kwa nakala hizo huadhibiwa zaidi akirudia. Hata hivyo sheria hiyo huruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki na kutaja chanzo.

Upanga wa serikali (Rum. 13:4) haufiki kila mahali. Mtunzi wa nyimbo za kwaya asiye na fedha za wakili atamshtaki nani, iwapo nakala zinauzwa mlangoni mwa kanisa? Hapo ndipo amri ya saba inapotuhusu. Katekisimo Ndogo hutufundisha kwamba haitoshi kutoiba. Yatupasa pia kumsaidia jirani atunze mali na riziki yake.

Twajua kwamba vitabu ni ghali na wanafunzi wetu ni maskini. Lakini maktaba ipo, na ruhusa huombwa. Mchungaji ahubiriye amri hii na aanze kwa kuuliza ni nani aliyetunga wimbo unaoimbwa usharikani mwake, na kama amepata haki yake.