Pantoni ikikimbia zaidi, utafika mapema?

Wiki iliyopita nilikuwa nimebanwa kwenye pantoni ya Kigamboni, kati ya bajaji na baiskeli yenye kreti mbili za soda, nikasikia ubishi mtamu. Kijana mwenye begi la kompyuta alikuwa anamwambia mwenzake kwamba dawa ya foleni hii ni moja tu: haya madude ya zamani yauzwe chuma chakavu, ziletwe boti za kisasa zinazokimbia. Mzee mmoja aliyeegemea ukuta akamjibu bila hata kugeuka: "Mjukuu wangu, pale getini tumesimama dakika ishirini. Hapa majini tunakaa tatu. Sasa hiyo boti yako itakimbilia wapi?"

Nilicheka pamoja na abiria wengine, ila nilipofika nyumbani nikachukua karatasi. Nimekulia upande wa Kigamboni. Mama yangu bado anavuka karibu kila alfajiri kwenda Soko la Samaki la Feri na anarudi na ndoo zake. Na mimi shuleni nasomea mwendo wa maji na vyombo vinavyopita ndani yake. Kwa hiyo ubishi huu ni wa nyumbani kwetu kwa maana zote mbili.

Kwanza hali ilivyo, kwa wale ambao hawavuki. Kwa miaka mingi kati ya Magogoni na Kigamboni tumehudumiwa na pantoni tatu zilizo chini ya TEMESA: MV Magogoni, kubwa kuliko zote, iliyosajiliwa kubeba watu 2,000 na magari 60, na wadogo zake MV Kigamboni na MV Kazi, kila moja watu 800 na magari 22. Mwaka 2023 Magogoni ilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, ikakaa huko muda mrefu kuliko watu walivyotegemea. Aliyekuwa akivuka kipindi hicho hahitaji kuelezwa foleni ilifika wapi. Mjadala ukapamba moto, na mwaka 2025 zikaingia boti ndogo za abiria za Azam Marine, zile za Sea Taxi. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, ndiyo, lakini lipo Kurasini; ukiwa mtembea kwa miguu na kazi yako ni Kivukoni, hiyo ni safari nyingine kabisa.

Sasa hesabu.

Mkondo wetu ni mwembamba, haufiki kilomita moja. Ili tuelewane, tuchukue njia ya mita 500. Kasi ya vyombo vya majini hupimwa kwa noti, na noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Pantoni inayojivuta kwa noti 6 inakwenda mita 3.1 kila sekunde, kwa hiyo mita 500 inazimaliza kwa sekunde 160 hivi. Haijafika dakika tatu. Nunua chombo chenye kasi mara mbili, noti 12, utavuka kwa sekunde 80. Umeokoa sekunde 80! Muda wa kutafuta kadi yako ya N-Card mfukoni.

Tena hapo nimekipendelea hicho chombo, maana nimejifanya kwamba kinaanza kwa noti 12 pale pale kinapong'oa nanga na kinasimama kwenye gati kwa noti 12. Chombo halisi kinahitaji nafasi ya kuchanganya na nafasi ya kupunguza. Kwenye mita 500, kile cha noti 20 au 25 kitakuwa hakijafika hata kwenye kasi yake kabla nahodha hajaanza kukizuia.

Muda unapotelea gatini. Tuseme kushusha watu na magari, kisha kupakia wengine, kunachukua dakika 15 kila upande. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi unakuwa dakika 3 mara mbili za majini, na dakika 15 mara mbili za gatini: jumla 36. Pantoni ya watu 2,000 basi inavusha watu kama 3,300 kwa saa kwa kila upande. Ukiongeza kasi mara mbili, mzunguko unashuka hadi dakika 33 na unavusha kama 3,600. Ongezeko la asilimia 9. Sasa acha injini ile ile, pantoni ile ile, ila panga vizuri mageti, milango ya abiria na njia ya magari mpaka dakika 15 ziwe 10. Mzunguko unakuwa dakika 26, na watu wanaovuka wanafika 4,600 kwa saa. Ongezeko la asilimia 38, na hujagusa hata spana.

Namba hizi ni za mfano, usizipeleke bungeni. Ukivuka kesho washa saa ya simu yako: anza pale mlango unapofunguliwa, andika muda pantoni inapoondoka, kisha inapofika. Weka namba zako mahali pa zangu. Jibu litabadilika kidogo, lakini sidhani kama litageuka.

Hapa ndipo zile boti ndogo zinapochanganya watu. Ukipanda unahisi umefika haraka mno, unasema "umeona, kasi hiyo." Kiukweli kasi imechangia kidogo sana. Chukua boti ya watu 250 inayovuka kwa dakika moja na nusu na inayoshusha na kupakia kwa dakika 4, maana haibebi magari. Mzunguko wake ni dakika 11. Ukiwa nazo tatu zinazopishana, moja inaondoka karibu kila baada ya dakika 4, na kwa wastani wewe unasubiri dakika 2 tu. Pantoni moja kubwa yenye mzunguko wa dakika 36 inakusubirisha wastani wa dakika 18. Kilichokufurahisha ni kwamba boti ilikuwepo ulipofika. Na zile tatu kwa pamoja zinavusha watu kama 4,000 kwa saa, yaani zaidi ya pantoni yetu ya mfano. Sizidharau hata kidogo. Nasema tu tuzisifie kwa sababu sahihi.

Kasi ya majini inalipiwa

Barabarani ukiongeza mwendo unalipa mafuta zaidi. Majini unalipa zaidi mno, na sababu yake unaiona kwa macho: wimbi.

Chombo kikisukuma maji kinazaa mawimbi yanayosafiri nacho, na urefu wa wimbi hilo, kutoka mgongo hadi mgongo, unaamuliwa na kasi ya chombo. Kwa noti 6 ni kama mita 6. Kwa noti 12 ni mita 24. Kwa noti 20 ni mita 68. Kasi ikipanda mara mbili, wimbi linarefuka mara nne. Chombo kikiwa kirefu kuliko wimbi lake, kinalala juu ya migongo kadhaa na mambo yanakwenda. Wimbi likizidi urefu wa chombo chenyewe, pua inakaa juu ya mgongo mmoja, tezi linazama bondeni, na injini inakuwa kama inapandisha mlima ambao hauishi, kwa sababu mlima wenyewe unatembea na wewe.

Ndiyo maana boti za kasi zina matumbo mawili membamba badala ya tumbo moja pana, na zinajengwa kwa alumini ili ziwe nyepesi. Wembamba unapunguza wimbi. Hata hivyo bado kuna bili. Kwa makadirio ya haraka, kasi mara mbili inataka nguvu ya injini karibu mara nane. Kwa kuwa unafika kwa nusu ya muda, mafuta ya safari ile ile yanakuwa kama mara nne. Mara nne, kwa ajili ya sekunde 80.

Na wimbi likishazaliwa halipotei, linakwenda kumpiga mtu. Nguvu iliyomo kwenye wimbi inakua kwa mraba wa kimo chake: likiwa na kimo mara mbili, lina nguvu mara nne. Pale pembeni ya Feri kuna ngalawa na mashua zinashusha samaki. Waulize wavuvi wanaonaje boti inayopita kwa kasi wakati wao wamebeba tenga begani.

Usinielewe vibaya, kasi ina mahali pake. Dar hadi Unguja ni zaidi ya kilomita 70, na boti za kasi zimeifanya kuwa safari ya kama saa mbili. Pale karibu muda wako wote unautumia majini, kwa hiyo kila noti inayoongezwa unaiona. Kwa Bagamoyo wazo lilikuwa hilo hilo, na MV Dar es Salaam ikanunuliwa kwa takribani shilingi bilioni 7.9. CAG akaja kuripoti kwamba haikufikia kasi iliyotajwa kwenye mkataba. Hapo hata ile sababu moja ya kuinunua ikawa na walakini.

Wenzetu wa Sydney, Australia, nao wamepitia ubishi huu. Kati ya katikati ya jiji na Manly, kama kilomita 11, kuna vivuko vikubwa vya chuma vya miaka ya 1980, urefu mita 70, abiria 1,100, safari ya nusu saa. Mwaka 2021 zikaletwa boti mpya za mita 35, abiria 400, zinazofika kwa kama dakika 20. Dakika kumi ni dakika kumi, sibishi. Lakini njia ile inakatiza mdomo wa bandari ambako mawimbi ya bahari kuu yanaingia, na chombo kifupi na chepesi kinayasikia mawimbi hayo kuliko kile kirefu na kizito. Mwaka uliofuata boti mpya zikapata hitilafu za usukani na kusimamishwa kwa muda. Wananchi walishapinga tangu mwanzo, na vile vivuko vizee havikustaafishwa kama ilivyopangwa.

Uzee wenyewe je?

Hapa yule kijana ana haki, japo hakusema hivyo. Umri peke yake hauui chombo. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 na kubeba watu kwa miongo tisa mingine. Ila lile ni ziwa la maji baridi. Sisi tuko kwenye chumvi, na chumvi inakula bati kutoka nje huku unyevu ukilila kutoka ndani. Fundi anapima unene wa bati kwa mlio unaopenya na kurudi. Likishakuwa jembamba linakatwa na kuwekwa jipya. Hilo linataka chombo kitolewe majini, kikae chelezoni. Na kikiwa chelezoni, nani anavusha watu?

Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu jibu ni kwamba zilizobaki ndizo zinazojazwa.

Tarehe 29 Aprili 1994 pantoni ya Mtongwe kule Mombasa ilipinduka, watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, iliyosajiliwa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Zote mbili zilikuwa karibu na nchi kavu. Hakuna hata moja iliyozama kwa sababu ya kwenda polepole. Fikiria watu 200 wa kilo 65 kila mmoja: hizo ni tani 13. Mzigo wa tani 13 wa saruji utaufunga kamba ukae. Watu hawafungwi. Gati likionekana wote wanasogea upande wa kushukia, na chombo kilichojaa, chenye uzito mwingi juu ya sitaha, kinakosa nguvu ya kujirudisha.

Kwa hiyo ndiyo, naunga mkono vyombo vipya. Vinunuliwe ili kila siku kuwe na kimoja cha akiba na hesabu ya watu isivuke ile iliyoandikwa ukutani. Viwe na sitaha pana, milango mingi, na vipuri ambavyo fundi wa hapa hapa anavipata. Kasi ya noti 8 inatosha kabisa.

Nilimweleza mama haya yote jioni, na michoro juu. Alisikiliza, kisha akauliza: "Hizo boti ndogo, mwanangu, ndoo zangu wanazipandisha?" Sikuwa nimeiweka ndoo kwenye hesabu. Wala mkokoteni, wala baiskeli ya soda, wala mtu wa kiti cha magurudumu, ambao wote pantoni inawameza bila kuuliza. Akauliza na nauli. Mwaka 2012 ilipotoka shilingi 100 kwenda 200, Kigamboni ilichafuka. Watu wa Likoni wanaotembea kwa miguu wanavuka bure. Sisi, ukienda na kurudi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 10,400. Kila shilingi 100 inayoongezwa ni 5,200 zaidi kwa mwezi, na zile dizeli mara nne lazima zitoke mfuko wa mtu.

Kesho alfajiri anavuka. Nimemwomba aangalie saa geti linapofungwa na linapofunguliwa. Amesema ataangalia akikumbuka, kwanza awahi samaki.