Zaporizhzhia: Matanuri yanawaka, mstari wa vita uko jirani

Zaporizhzhia, jiji la kusini-mashariki mwa Ukraine, lilikuzwa na mto Dnipro. Bwawa la umeme lilikamilika mwaka 1932, na mwaka uliofuata kiwanda cha Zaporizhstal kikaanza kuyeyusha chuma. Kabla ya vita wakazi walizidi 700,000. Tangu Machi 2022 majeshi ya Urusi yamepiga kambi kusini mwake, mwendo usiofika saa moja kwa basi.

Tanuri la chuma halifungwi jioni kama duka. Huwaka usiku na mchana kwa miaka, na likipoa vibaya, chuma huganda ndani na kuligeuza gofu. Ndiyo maana, vita vilipokaribia, mafundi wa Zaporizhstal walipunguza moto bila kuuzima. Aprili 2022 kazi ikaanza tena.

Makombora ni hatari ya kila siku, lakini kinachokibana zaidi kiwanda ni mnyororo wa biashara unaokatwa pingili moja moja.

Anza na makaa. Chuma huyeyushwa kwa makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa. Kiwanda kikubwa kuliko vyote nchini cha kuyaoka kilikuwa Avdiivka, mji uliotekwa Februari 2024. Januari 2025 kampuni ya Metinvest, mbia wa Zaporizhstal, ikatangaza kusimamisha mgodi wake wa makaa wa Pokrovsk kwa sababu ya mapigano. Makaa ya kuagiza ng'ambo yana bei nyingine kabisa.

Umeme nao umepungua. Kituo cha nyuklia cha Enerhodar, chenye uwezo wa megawati 5,700, kimo mikononi mwa Urusi na hakijaliuzia taifa umeme tangu Septemba 2022. Machi 2024 makombora yalilipiga bwawa lenyewe la Dnipro.

Bandari ya Mariupol ya kusafirishia chuma nayo imepotea mikononi mwa Urusi. Mpaka njia ya meli ya Odesa ilipofunguliwa Agosti 2023, chuma kilitegemea zaidi reli, kwa gharama kubwa.

Wafanyakazi ndio pengo gumu kuliko yote. Viwanda muhimu huruhusiwa kubakiza sehemu tu ya wanaume wanaostahili kuitwa jeshini, na fundi wa tanuri hapatikani kwa mafunzo ya wiki mbili.

Mwaka 2021 Ukraine ilizalisha tani milioni 21.4 za chuma ghafi. Mwaka 2022 zikashuka hadi milioni 6.3, na 2024 zikapanda kufikia milioni 7.6. Ongezeko hilo limetokana na watu wanaoingia zamu huku ving'ora vikilia, nao wanastahili kutajwa kwanza kila hesabu hizo zinaposomwa.